Mtoto Akiwa Shuleni: Utangulizi wa Elimu ya Wasiwasi wa Mzazi

Somo ninalokufungulia hapa huitwa saikolojia ya wasiwasi, yaani elimu inayochunguza jinsi akili na mwili wa binadamu vinavyoipokea hatari ambayo bado haijatokea. Nimelifundisha kwa miaka mingi na bado halijanichosha, kwa sababu kila anayekuja kulisoma amekwisha kulionja kabla hajafungua daftari. Huhitaji kuwa msomi ili kunifuata. Inatosha kuwa na mtoto shuleni na kukumbuka usiku mmoja ambao usingizi ulikataa kuja.

Nawaandikia hasa wazazi wa Dongobesh na vijiji vinavyoizunguka, kutoka Mbulu mjini hadi Haydom, pamoja na wenzetu wa upande wa Hanang. Mwanao huenda yuko bwenini. Huenda ni wa kutwa, anayetoka nyumbani giza halijaisha na kukatisha kati ya mashamba ya vitunguu kwa miguu. Kisha siku moja simu inakuletea habari kama ile ya tarehe 24 Mei 2022: katika mji wa Uvalde, Texas, watoto 19 na walimu 2 wameuawa kwa risasi ndani ya shule ya msingi. Unaweka simu chini, unamtazama mwanao anavyokula, na unajiuliza kama jambo hilo linaweza kufika hapa.

Swali hilo si la kipuuzi. Afrika Mashariki imekwisha kuyaona mashambulizi ya namna hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari Lhubiriha, Mpondwe, magharibi mwa Uganda, wakaua zaidi ya watu 40. Lakini ukinitaka nitaje misiba ya shule iliyopita karibu zaidi na mlango wetu, mingi haikuwa na bunduki. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha liliporomoka korongoni Rhotia, wilayani Karatu, kwenye barabara ileile unayopita ukielekea Arusha kupitia Karatu. Walikufa wanafunzi 32 wa darasa la saba, walimu 2 na dereva, wakiwa njiani kwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Juni 1994 moto wa bweni uliua wasichana zaidi ya 40 Shauritanga, Rombo. Tarehe 14 Septemba 2020 moto mwingine uliua wanafunzi 10 Kyerwa, mkoani Kagera. Orodha hii ni nzito, najua. Iweke pembeni kwanza, tutaihitaji.

Tuanze na msingi, na msingi ni kutenganisha vitu viwili vinavyofanana. Hofu ni mwitikio wa mwili kwa hatari iliyo mbele yako sasa hivi. Unarudi jioni kutoka mnadani, fisi anakatiza njia. Kabla hujawaza neno lolote, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, miguu inakaza. Ndani ya ubongo kuna vifundo viwili vidogo, kimoja kila upande, vinavyoitwa amigdala. Kazi yao kubwa mojawapo ni kugundua dalili za hatari haraka kuliko fikra. Amigdala ikishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, kemikali inayoamsha mwili wote na kupeleka damu kwenye misuli. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1915 kwamba haya yote ni maandalizi ya kupambana au kukimbia. Fisi akiondoka, mwili hutulia. Hofu imefanya kazi yake, imemaliza.

Wasiwasi unatumia mitambo hiyohiyo, ila fisi hayupo. Hatari iko kesho, au iko shuleni, au iko kwenye picha uliyotumiwa na binamu yako. Mwili unaandaliwa kukimbia na hakuna pa kukimbilia. Kwa sababu hakuna kitu kinachoondoka mbele ya macho, hakuna pia kinachouambia mwili kwamba sasa yamekwisha. Ndiyo maana hofu humalizika kwa dakika chache, nao wasiwasi unaweza kukaa na mtu tangu shule zifunguliwe hadi likizo. Ukielewa tofauti hii moja tu, umeshika nusu ya somo.

Hapa ndipo wazazi huniuliza: basi, wasiwasi ni ugonjwa? Hapana. Wasiwasi ni mlinzi. Fikiria mbwa wa nyumbani: usiku atabweka fisi akikaribia, na atabweka vilevile upepo ukigonga bati. Hakuna anayemuua mbwa kwa sababu ya bati. Mwenye nyumba mzoefu anajifunza kusikiliza, anatoka na tochi pale panapostahili, na pale pasipostahili anamnyamazisha na kurudi kulala. Elimu yote ninayokuletea ni namna ya kutoka na tochi. Wengine huniuliza kama mtu mwenye imani anapaswa kuwa na wasiwasi hata kidogo. Wachungaji na masheikh watalijibu hilo vizuri kuliko mimi; ninachoweza kusema ni kwamba adrenalini haiulizi mtu anasali wapi, na mzazi anayetetemeka hajaikana dini yake.

Sasa twende hatua ya pili: jinsi akili inavyopima hatari. Hatari yoyote ina pande mbili, uwezekano wa kutokea na ukubwa wa madhara yake. Mtaalamu wa takwimu atazipima zote mbili kwa hesabu. Wewe na mimi hatufanyi hivyo. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walionyesha kwamba mtu akitakiwa kukadiria jambo hutokea mara ngapi, hupima urahisi wa kukumbuka mifano yake. Tuiite kanuni ya urahisi wa kukumbuka: kinachokuja haraka kichwani tunakiona ni cha kawaida. Kwa mambo mengi ya maisha kanuni hii inatosha. Mkulima anayekumbuka kwa urahisi miaka ya ukame ana sababu ya kukumbuka. Tatizo linaanza pale kumbukumbu zinapoletwa na kamera. Picha ya wazazi wanaolia nje ya shule ya Texas inakaa kichwani kana kwamba ni ya kijiji cha jirani, na akili haina desturi ya kuuliza umbali.

Paul Slovic, mwanasaikolojia wa Marekani, aliongeza jambo la pili katika makala yake ya mwaka 1987. Aligundua kwamba watu wa kawaida hawahesabu vifo tu wanapopima hatari. Wanauliza pia: je, inaua wengi kwa mpigo? Je, ninaweza kuizuia? Je, inaeleweka, au ni ya ajabu? Hatari inayoua wengi mara moja na isiyozuilika na mtu binafsi hututisha kuliko ile inayoua mmojammoja kila wiki, hata kama hiyo ya pili inaua wengi zaidi mwisho wa mwaka. Simlaumu mtu kwa hilo, na Slovic mwenyewe aliwatetea watu wa kawaida dhidi ya wataalamu waliowaona wajinga. Lakini matokeo yake ni mazito. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Nakuuliza basi, mzazi mwenzangu: ni lini mara ya mwisho ulikosa usingizi kwa sababu ya bodaboda iliyopakia wanafunzi mishikaki, bila kofia hata moja, ikishuka mlimani kwenye vumbi?

Msiba wa Rhotia uliwatisha wazazi wote wa ukanda wetu, na ilikuwa haki yao kutishika. Kwa kanuni ya Slovic ulikuwa na kila kitu: watoto wengi, siku moja, mzazi yuko mbali hana la kufanya. Nilichokiona mimi baada ya miezi ni kwamba woga wa basi la safari ulibaki, na woga wa bodaboda ya kila siku haukuzaliwa. Hivyo ndivyo wasiwasi unavyofanya ukiachwa peke yake. Unashika kitu kimoja kilichotokea, kwa sura ileile kilivyotokea.

Kuna utafiti mmoja ninaopenda kuwasimulia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu yalilipuka kwenye mbio za marathoni jijini Boston. Watafiti waliwauliza maelfu ya Wamarekani kuhusu hali zao katika wiki zilizofuata. Waligundua kwamba waliokuwa wametazama au kusikiliza habari za mlipuko kwa saa 6 au zaidi kila siku katika wiki ile ya kwanza walikuwa na dalili nyingi zaidi za mfadhaiko mkali, yaani mshtuko wa akili unaofuata tukio baya, kuliko hata watu waliokuwapo kwenye eneo la mlipuko. Soma tena sentensi hiyo. Haisemi habari ni mbaya. Inadokeza kwamba picha ikirudiwarudiwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, inaweza kuushtua mwili tena na tena. Mzazi aliyesoma habari mara moja, akajua kilichotokea, akazima simu, hajakosa taarifa yoyote ya maana.

Hadi hapa tumetazama wasiwasi unavyoingia. Unavyoota mizizi ni sura nyingine, na ndiyo inayowashangaza wengi. Chukua mfano wa mama ambaye binti yake ameingia kidato cha kwanza, bweni. Saa mbili usiku moyo unaanza kumwenda mbio. Anampigia matroni. "Shikamoo dada, samahani, naulizia mwanangu." Matroni anamwambia watoto wako salama, wanajisomea. Mama anashusha pumzi. Kesho yake saa mbili moyo unaanza tena, anapiga tena. Wiki ya tatu anapiga mara tatu kwa jioni moja, na matroni ameanza kuiacha simu iite.

Wanasaikolojia wana jina la kinachoendelea hapa: uimarishaji hasi. Maana yake ni kwamba tabia inapata nguvu kwa sababu inaondoa maumivu. Neno "hasi" huwachanganya wanafunzi. Halimaanishi kibaya, linamaanisha kitu kimeondolewa. Kila simu inaondoa wasiwasi kwa nusu saa, na kwa hiyo ubongo unajifunza kwamba dawa ni simu. Jambo lingine unalojifunza ni la hila zaidi: kwamba mtoto alikuwa salama kwa sababu mama alipiga. Mama hapati kamwe nafasi ya kugundua kwamba usiku ule asingepiga, binti angelala salama vilevile. Ukimwambia aache kupiga kabisa atakuona katili, na atakuwa sahihi. Inayosaidia ni kukubaliana na matroni siku maalumu, mathalani Jumatano na Jumapili, na kuuacha wasiwasi wa Jumatatu upande na kushuka wenyewe. Utashuka. Siku za kwanza utachelewa sana kushuka.

Njia hii ya kukaribia kinachokutisha kidogokidogo bila kukikimbia ina historia ndefu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mtafiti kijana wa New York, alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto mdogo aliyemwogopa sungura. Alimpa chakula anachokipenda na kumsogeza sungura karibu hatua kwa hatua, mpaka mtoto akamshika kwa mikono yake. Daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliigeuza njia ya namna hiyo kuwa tiba kamili katika kitabu chake cha mwaka 1958. Tahadhari moja: njia hii ni ya kuondoa woga uliozidi hatari. Haitumiki kumzoesha mtoto kuvuka mto uliofurika wakati wa masika. Pale, mbwa anambwekea fisi.

Na mtoto mwenyewe? Anakusoma. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza yenye kioo kinene, ambayo katikati ilionekana kama ina ukingo wa kushuka. Upande wa pili alisimama mama. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walitambaa na kuvuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Kioo kilikuwa kilekile. Wataalamu huita jambo hili urejeleo wa kijamii: mtoto asiyejua kama mahali ni salama hutafuta jibu usoni kwa mtu anayemwamini. Mwanao wa darasa la nne anapokuona umeduwaa mbele ya simu hajui Texas iko wapi. Anajua tu kwamba shule ni mahali panapokuliza.

Kumficha hakusaidii sana, maana atasikia kwa wenzake. Mwulize kwanza amesikia nini. Mara nyingi amesikia kitu tofauti kabisa na unachodhani, na maelezo marefu uliyoyaandaa hayahitajiki. Mjibu ukweli kwa kipimo cha umri wake, kisha mweleze nani anamlinda kuanzia nyumbani hadi darasani: mwalimu wa zamu, kaka anayetembea naye, wewe mwenyewe.

Wasiwasi unaposhinda nguvu zote hizi, ndipo tunapozungumzia ugonjwa. Mwongozo unaotumiwa na madaktari wa Marekani unatazama muda wa miezi 6: wasiwasi mwingi karibu kila siku, juu ya mambo mengi, usiozuilika, pamoja na dalili kama kukosa usingizi, misuli kukaza, hasira za karibu na uchovu, hadi kazi na mahusiano vinaharibika. Mtu wa namna hiyo asiambiwe ajikaze. Aende hospitali. Kwa watu wa Dongobesh Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955, haiko mbali, na huduma ya afya ya akili ipo. Wengi hufika pale wakilalamikia moyo au tumbo. Si kosa, kwa maana mwilini ndiko wasiwasi unakoonekana. Ila mwambie mhudumu pia unachokiwaza.

Kwa sisi tulio chini ya kiwango hicho, mfano ninaoupenda umetoka Harare. Kuanzia mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wanaoteswa na mawazo mengi. Bibi hatoi hotuba. Anamsaidia mtu ataje matatizo yake, achague moja tu, na apange hatua anayoweza kuichukua wiki hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliopitia benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wasiwasi uliogeuzwa kuwa tatizo moja lenye hatua moja hupungua, kwa sababu hatimaye mwili umepata mahali pa kwenda.

Sasa chukua ile orodha tuliyoiweka pembeni, na uulize kila msiba: hapa mzazi wa Dongobesh ana hatua gani? Mbele ya mtu mwenye bunduki, hana nyingi. Barabarani anazo: kumkatalia dereva wa bodaboda anayepakia mishikaki, kuuliza shule itakodi gari la nani kwa safari ya mitihani. Bwenini anazo nyingi kuliko kote, na hapo ndipo somo letu linapokuwa gumu.

Hebu tazama linavyojengwa bweni la wasichana. Kwenye mkutano wa wazazi anayeshangiliwa ni yule anayeuliza habari za wahuni wa usiku. Woga wake ni wa kweli. Basi madirisha yanawekwa nondo, mlango unakuwa mmoja, na usiku unafungwa kwa kufuli kutoka nje. Kila mzazi analala vizuri zaidi. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli wilayani Machakos, nchini Kenya, wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Woga wa mtu anayeingia ulijenga chumba ambamo hamtoki mtu. Mwaka 2008 Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje, na pasifungwe kutoka nje watoto wakiwa ndani. Hata hivyo wasichana 10 walikufa kwa moto katika shule ya Moi Girls, Nairobi, Septemba 2017, na wavulana 21 Endarasha, Nyeri, Septemba 2024. Mwongozo peke yake haumshindi mzazi anayeogopa wahuni, kwa hiyo woga huo nao lazima upewe jibu lake: mlinzi wa usiku, taa ya nje, matroni anayelala jengo hilohilo, komeo linalofunguliwa kutoka ndani bila ufunguo.

Mlango ukishakuwa salama, inabaki kuwafundisha watoto kuutumia, na kuhusu mazoezi ya dharura bado wataalamu wanabishana. Marekani karibu kila shule ya umma huwafundisha watoto kujifungia kimya darasani dhidi ya mtu mwenye silaha, na mwaka 2020 chama cha madaktari wa watoto cha huko kilionya kwamba mazoezi yanayoigiza shambulio kana kwamba ni la kweli, bila watoto kujua kuwa ni zoezi, yanaweza kuwadhuru. Onyo hilo linatufaa hata kwa moto. Zoezi la kutoka bwenini litangazwe kwa watoto na wazazi siku kadhaa kabla, lisiwe na moshi wala uongo, lianze mchana na baadaye lirudiwe jioni giza likiingia. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hutoa elimu hiyo shuleni likialikwa, na bodi ya shule ndiyo ya kulialika.

Kwenye mkutano ujao wa wazazi, kabla ajenda ya michango haijala muda wote, nyosha mkono uulize ufunguo wa bweni unalala wapi na matroni analala wapi. Ukishajibiwa, omba mlango ujaribiwe siku hiyohiyo, wazazi wakitazama.